Shajara ya mradi: sospensheni ya mbele inayoitumikia sakafu

Februari. Kanuni kabla ya penseli

Mradi ni huu: kusanifu kwenye kompyuta sospensheni ya mbele ya gari la mashindano la kiti kimoja, kwa kufuata kanuni za kiufundi za Formula 1 zilizotumika kuanzia 2022 hadi 2025. Tumeziacha za 2026 kwa makusudi. Zile zimelifupisha gari, umbali wa juu kati ya ekseli ukashuka kutoka milimita 3600 hadi 3400, na zimepunguza nguvu ya sakafu, yaani uso wa chini wa gari ambao hewa inayopita chini yake hulivuta gari kuelekea lami. Sisi tunaitaka sakafu hiyo hiyo yenye mifereji mikubwa, kwa sababu ndiyo inayoleta swali gumu: sakafu inataka gari likae chini sana na litulie, ilhali sospensheni imetengenezwa ili kitu kiweze kupanda na kushuka. Mmoja lazima amfuate mwenzake.

Kazi tumegawana. Mimi ninashika jiometria, springi na nguvu zinazopita kwenye vyuma na kaboni. Mwenzangu anashika hewa. Tumekubaliana kwamba hakuna pointi ya kufungia mkono (fito inayoliunganisha gurudumu na mwili wa gari) itakayopita bila wote wawili kuitia sahihi.

Tulisoma kanuni kabla ya kuchora mstari wowote, na nadhani mtu yeyote anayeanza kazi ya namna hii afanye vivyo hivyo. Kwa miaka mingi kanuni zimesema kwamba kila gurudumu linaunganishwa na mwili wa gari kwa viungo visivyozidi sita. Hesabu inafika haraka: mkono wa juu una matawi mawili, mkono wa chini mawili, tairodi ya steringi (fito inayoligeuza gurudumu) moja, na fito moja ya kupeleka mzigo kwenye springi. Sita. Kiungo cha ziada kisicho na kazi ya kimakanika hakiruhusiwi, kwa hiyo huwezi kupachika "mkono" ambao kazi yake ni kuchezea upepo tu.

Umbo nalo limefungwa. Ukiukata mkono kwa wembe, mkato huo lazima uwe na ulinganifu, urefu wake usizidi milimita 100, na usiwe mrefu kupita mara 3.5 ya unene wake. Maana yake, mkono wenye upana wa milimita 100 hauwezi kuwa mwembamba kuliko milimita 28.6. Bawa halisi ni jembamba zaidi na limepinda mgongo. Huu ni mkono mnene, ulionyooka, ulio sawa juu na chini, na pembe yake dhidi ya upepo nayo imewekewa kikomo. Kanuni zimehakikisha kwamba sospensheni haigeuki kuwa bawa.

Lakini zimeacha jambo moja wazi, na nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani: MAHALI. Kanuni zinapima umbo la mkono kwa ukali, ila mahali unapoufungia kwenye bodi, juu au chini, mbele au nyuma, zinakuachia uwanja mpana. Mkono usio bawa bado unaweza kuielekeza hewa, kwa sababu hewa inayopita nyuma yake si ile iliyoukuta. Naamini usanifu wote wa sospensheni ya kipindi hiki umo ndani ya uhuru huo mmoja.

Februari, bado kanuni

Nimerudi nyuma kwenye historia ili nielewe kwa nini wanaoandika kanuni wanaitilia shaka sospensheni kiasi hiki. Kanuni mama inasema kwamba sehemu yoyote ya gari inayoathiri mwendo wa hewa lazima ifungwe imara kwenye mwili unaobebwa na springi, na isitikisike. Sospensheni haiwezi kuitii sentensi hiyo kikamilifu, kwa kuwa kazi yake ni kusogea. Basi inaishi kwa ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo imekuwa ikibanwa.

Mwaka 1981 magari yalitakiwa kuwa na nafasi ya sentimita 6 chini yalipopimwa yakiwa yamesimama. Brabham wakaja na BT49C, iliyoshuka yenyewe kwa kusukumwa chini na hewa ikiwa mbioni na kupanda tena inapopunguza mwendo. Mwaka huohuo Lotus 88 yenye chasisi mbili, moja ikibeba mzigo wa hewa na nyingine ikimbeba dereva, ilikataliwa. Sospensheni ya kompyuta iliyompa Nigel Mansell ubingwa wa 1992 ndani ya Williams FW14B ilipigwa marufuku kuanzia 1994. Mwaka 2006 Renault walinyang'anywa uzito wao wa kutuliza mtikisiko, donge lililoning'inia kwenye springi ndani ya pua ya gari. Halikuguswa na upepo hata kidogo, lakini liliamuliwa kuwa ni kifaa cha aerodinamiki kinachosogea, kwa sababu faida yake iliishia kwenye hewa. Mwaka 2014 mifumo ya haidroliki iliyounganisha sospensheni ya mbele na ya nyuma ikaondoka katikati ya msimu. Mwaka 2022 zikafuata inata, kifaa cha kutuliza mtikisiko alichokifikiria Malcolm Smith wa Cambridge na ambacho McLaren walikitumia mbioni tangu 2005.

Ukivipanga vifaa hivyo unaona vilikuwa na nia moja: kuishikilia sakafu kwenye kimo chake. Vimekwenda vyote. Kilichobaki mikononi mwetu ni springi za chuma, shokapu, na jiometria.

Machi. Hesabu ya springi, na kilichotushangaza

Tumeanza na swali rahisi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, halafu likafika 300, pua inashuka kiasi gani?

Mkandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini, unakua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara 3, mkandamizo unaongezeka mara 9. Kwenye modeli yetu tumeweka mkandamizo wa ekseli ya mbele kuwa niutoni 9,000 kwenye kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kwenye 100 ni niutoni 1,000. Tofauti ni niutoni 8,000 zinazoiangukia pua ya gari ndani ya mstari mmoja ulionyooka.

Mwenzangu wa hewa akasema sakafu yake inavumilia pua kushuka milimita 20, zaidi ya hapo mtiririko unaharibika. Gawa 8,000 kwa 20: ekseli nzima ya mbele inahitaji ugumu wa niutoni 400 kwa kila milimita. Mpaka hapo ni hesabu ya darasani.

Tatizo ni kwamba ugumu huo hautoki kwenye springi peke yake. Chini ya springi kuna tairi, nayo inabonyea. Tumechukua ugumu wa wima wa tairi moja kuwa niutoni 300 kwa milimita, mbili zikiwa 600. Springi na tairi zimepangana, moja juu ya nyingine, kwa hiyo minyumbuko yao inajumlishwa. Niutoni 8,000 juu ya tairi zenye 600 zinabonyeza milimita 13.3. Zinabaki milimita 6.7 tu kwa ajili ya sospensheni. Ili sospensheni ishuke milimita 6.7 chini ya mzigo uleule, inahitaji ugumu wa niutoni 1,200 kwa milimita.

Tuliirudia hesabu hii kwa njia nyingine ili tuwe na hakika, ikatoka vilevile. Sospensheni inatakiwa kuwa ngumu mara mbili ya tairi zinazoibeba. Kwa maneno mengine, springi laini kuliko zote katika gari hili ni raba, na mimi ninayesanifu sospensheni nina mamlaka juu ya theluthi moja tu ya mwendo wa pua.

Matokeo hayo yamebadilisha mpangilio wa kazi yote. Mambo yanayojaza kurasa katika mafunzo ya sospensheni, kama vile kemba (mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele) inavyobadilika gurudumu likipanda milimita 50, hapa hayana nafasi kwa sababu gurudumu halitapanda milimita 50. Kwenye mwendo mkubwa linapanda 7. Kemba haibadiliki kwa maana yoyote katika milimita 7. Uhuru wa kuchagua mahali pa mikono unaongezeka ghafla, kwa kuwa adhabu za kimakanika zimekuwa ndogo.

Machi, mwishoni. Kudunda

Kila aliyefuatilia 2022 anakumbuka majaribio ya Barcelona ya Februari mwaka ule, magari yakidunda kwenye mstari ulionyooka. Sakafu inavutwa chini, mvuto unaongezeka kadiri inavyokaribia lami, mpaka hewa inabanwa na kukatika, mvuto unapotea, gari linaruka juu, hewa inarudi, mchezo unaanza upya. Kule Baku, Lewis Hamilton alitoka kwenye Mercedes akiwa ameshika mgongo. Kuanzia mbio za Ubelgiji FIA, shirikisho linalosimamia mashindano haya, ilianza kupima mtikiso wa wima wa kila gari na kuuwekea kikomo, na kwa 2023 kingo za sakafu zikapandishwa milimita 15.

Nilitaka kujua gari letu lingedunda mara ngapi kwa sekunde. Uzito wa sehemu ya mbele inayobebwa na springi kwenye modeli ni kilo 320. Ugumu wa jumla ni niutoni 400 kwa milimita. Jibu ni takribani mara 5.6 kwa sekunde. Mgongo wa binadamu hauupendi kabisa mtikiso wa kasi hiyo.

Kwa kawaida ungesema ongeza nguvu ya shokapu. Lakini rudi kwenye hesabu ya juu: theluthi mbili za mwendo ziko kwenye tairi, na shokapu haioni chochote kinachotokea ndani ya tairi. Inaona theluthi moja tu. Ukiibana zaidi, inazidi kuwa kama fito ngumu, sospensheni inaganda, na gari lote linabaki kudunda juu ya raba ambayo yenyewe hutuliza kidogo sana. Kuna kiwango cha kati ambacho shokapu inafyonza nguvu nyingi iwezekanavyo, na ukikipita kwa upande wowote unapoteza. Tumekitafuta kwa kuendesha modeli kwa viwango mbalimbali mpaka mchoro wa mtikiso ukaonyesha bonde lake.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa marufuku zile nilizoziandika Februari. Donge la Renault na inata vilikuwa dawa ya ugonjwa huu hasa: vilituliza mwendo wa gari juu ya tairi, mahali ambapo shokapu haifiki. Sheria ya 2022 iliviondoa vya mwisho katika mwaka uleule ambao sakafu ilirudishiwa mifereji, na rimu zikapanda kutoka inchi 13 hadi 18, ubavu wa tairi ukawa mfupi. Siwalaumu walioandika, walitaka gari rahisi zaidi na gharama ndogo. Ila msanifu anayeingia sasa lazima ajue kwamba anaingia mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Uamuzi: springi ya tatu, ile inayounganisha roka (wenzo zinazopokea nguvu ya fito na kuipeleka kwenye springi) za kushoto na kulia, itakuwa safu ya washa za Belleville, yaani springi zenye umbo la sahani, inayozidi kuwa ngumu inavyobanwa. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, inafanya kazi. Gari likilalia upande mmoja kwenye kona, inakaa kimya, na fito za kujisokota za kila upande, ambazo nazo ni springi, zinachukua zamu. Hivyo tunaweza kuwa wagumu kwa ajili ya sakafu bila kumnyima dereva ulaini wa kona za polepole.

Aprili. Pushirodi au pulirodi

Huu ndio mjadala watu wanaoupenda, na tumeutumia muda mrefu kuliko unavyostahili. Zote mbili ni aina za ile fito ya kupeleka mzigo kwenye springi. Pushirodi inaanza chini karibu na gurudumu na kupanda kwenda juu ya bodi. Pulirodi inaanza juu karibu na gurudumu na kushuka ndani. Red Bull RB18 na McLaren MCL36 zilianza 2022 na pulirodi mbele. Ferrari na Mercedes zilianza na pushirodi, na zote mbili zilishinda mbio mwaka huo. Mabingwa wa timu wa miaka yote minne, Red Bull mara 2 kisha McLaren mara 2, walikuwa na pulirodi mbele. Mtu anaweza kuishia hapo na kusema jibu limepatikana. Lakini Ferrari walihamia pulirodi 2025 na hawakushinda Grand Prix hata moja mwaka huo. Fito peke yake haishindi.

Tumeangalia nguvu. Gurudumu moja la mbele kwenye kilomita 300 kwa saa linabeba takribani niutoni 6,300. Fito ikiwa na mwinuko wa nyuzi 30, inabeba niutoni 12,600. Ikilala hadi nyuzi 20, inabeba zaidi ya 18,400. Fito inayolala ni ghali, iwe ya kusukuma au ya kuvuta.

Tofauti ya kweli iko kwenye aina ya nguvu. Pushirodi inabanwa, na kitu chembamba kinachobanwa hutaka kupinda, kwa hiyo inahitaji unene. Pulirodi inavutwa, inaweza kuwa nyembamba, na wembamba ni zawadi kwa hewa. Ila mzigo haupotei. Pulirodi inapovuta kwenda ndani na chini, inauvuta mwisho wa mkono wa juu kuelekea bodi, kwa hiyo mkono wa juu ndio unaobanwa. Tunachookoa kwenye fito tunakilipa kwenye mkono.

Kwetu malipo hayo yanakubalika, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameshaomba mkono wa juu uwe mpana na wa kuonekana kwa upepo. Mkono unaotakiwa kuwa mnene kwa ajili ya hewa ndio uleule unaotakiwa kuwa mnene kwa ajili ya mzigo. Roka na springi pia zinashuka chini ya bodi na kushusha kitovu cha uzito kidogo. Fundi ndiye anayeumia, maana kubadilisha fito ya kujisokota kutamlazimu kuingiza mikono chini ya pua badala ya kufungua kifuniko cha juu. Tumechora tundu la kufikia roka kutoka ubavuni, na litabaki hata kama litaongeza gramu. Gari lisiloweza kurekebishwa kati ya mazoezi mawili halina faida na kasi yake.

Pulirodi imepita.

Mei. Mikono inayoinama kwenda nyuma

Sehemu hii ndiyo niliyoisubiri. Tazama picha ya RB18 kwa ubavu: tawi la mbele la mkono wa juu limefungwa juu sana kwenye bodi, tawi la nyuma limefungwa chini sana. Mkono mzima unaonekana kama umeinamia nyuma. Kimakanika maelezo ni kwamba hiyo ni kinga ya kuinama: gari likifunga breki, nguvu ya breki kwenye tairi inapita katika mikono iliyoinama na kusaidia kuinyanyua pua badala ya kuiacha izame.

Nilitaka kujua inasaidia kiasi gani kwenye gari letu. Kilo 800, breki za g 5 (mara tano ya nguvu ya mvutano wa dunia), kitovu cha uzito milimita 300 kutoka chini, ekseli mbali kwa milimita 3600. Mzigo unaohama kutoka nyuma kwenda mbele ni karibu niutoni 3,270. Tairi zinabonyea milimita 5.5, na kinga ya kuinama haiwezi kuzigusa, kwa kuwa mzigo unaofika kwenye tairi ni uleule. Sospensheni inashuka milimita 2.7. Tukiweka kinga ya asilimia 40, tunaokoa milimita 1.1.

Milimita moja na kidogo. Kwa mtazamo wa kwanza hainunui usumbufu wote huu. Mkono ulioinama una gharama: gurudumu linapopanda, tairi inasogea mbele kidogo, yaani inaliendea tuta badala ya kulikwepa, na dereva anapoteza sehemu ya taarifa inayomfikia kwa pua kushuka anapogusa breki.

Kwa nini basi? Kwanza, ile niutoni 1,200 ya ugumu ni ya mwendo mkubwa, springi ya tatu ikiwa imebanwa. Kwenye mwendo mdogo, safu ya washa bado haijakaza, sospensheni ni laini, na kinga inaokoa zaidi. Pili, na hapa ndipo moyo wa mradi ulipo: mwinamo huo unasukuma hewa chini. Tawi la mbele lililo juu na la nyuma lililo chini yanafanya kazi kama ngazi mbili. Kila tawi peke yake limetii uwiano wa 3.5, limetii ulinganifu, limetii pembe. Hakuna lililo bawa. Lakini yakipangwa kwa kushuka, mtiririko unaotoka juu ya bawa la mbele unashikwa mkono na kuelekezwa kwenye midomo ya mifereji ya sakafu na chini ya ubavu wa gari. Mwenzangu alinionyesha mistari ya mtiririko ya mpangilio wa bapa na ya mpangilio ulioinama kwenye skrini moja. Kwenye bapa, hewa iliyochafuliwa na mikono inaingia moja kwa moja mdomoni mwa mfereji. Kwenye ulioinama, uchafu uleule unapita pembeni ya mdomo. Idadi ya mikono ni ileile, unene uleule. Kilichobadilika ni mahali.

Kiasi cha mwinamo tumekipata kwa hesabu. Breki ya mbele ikibeba asilimia 60, kinga ya asilimia 40 inahitaji mstari kutoka tairi inapogusa lami hadi mahali mistari ya mikono inapokutana, nyuma ya gurudumu, uwe na mwinuko wa nyuzi 3.2. Ni pembe ndogo kuliko jicho linavyodhani likitazama picha, kwa sababu gari ni refu na liko chini. Mwenzangu alitaka zaidi, nyuzi 5. Tulibishana kwa heshima na kwa karatasi nyingi. Nyuzi 5 zingefikisha kinga zaidi ya asilimia 60, na kwenye modeli ya tuta la kona gurudumu la ndani lilianza kupoteza mguso wakati wa breki. Tumesimama kwenye nyuzi 3.8, karibu asilimia 48. Alikubali kwa sharti kwamba tawi la nyuma lishushwe kadiri bodi inavyoruhusu na tofauti ifidiwe kwenye mkono wa chini.

Mei, nyongeza kuhusu mkia

Nikiwa kwenye hesabu ya breki niliona jambo ambalo linahitaji kuandikwa kabla halijafunikwa na mengine. Tunazungumzia pua kuzama, lakini gari linapopungua kutoka kilomita 300 hadi 200 kwa saa, mkandamizo wa mbele unashuka kutoka niutoni 9,000 hadi 4,000. Pua inapoteza 5,000 na kupata 3,270 tu kutoka kwenye breki. Baada ya mguso wa kwanza, pua haizami. Inapanda, kwa milimita 4 hivi.

Mkia ndio wenye taabu. Unapoteza mzigo wa breki na mkandamizo kwa pamoja. Tukichukua niutoni 11,000 za nyuma kwenye 300, zinabaki 4,900 kwenye 200. Ongeza 3,270 zilizohamia mbele, mkia umepungukiwa na zaidi ya niutoni 9,300. Kwa ugumu wa nyuma wa niutoni 300 kwa milimita, unanyanyuka milimita 31. Hesabu hii inashikilia g 5 njia nzima, jambo lisilo la kweli kabisa, lakini mwelekeo hauna ubishi: sakafu inayumba kwenye breki kwa sababu nyuma inapanda, kuliko kwa sababu mbele inashuka. Kinga ya kuinuka kwa mkia itakuwa na thamani kubwa kuliko hii ya mbele iliyotugharimu mwezi.

Juni. Tairodi

Fupi. Tairodi tumeificha nyuma ya tawi la mbele la mkono wa chini, kwenye kimo kilekile, ili hewa ikutane na kizuizi kimoja badala ya viwili. Bahati ni kwamba jiometria nayo inaupenda mpangilio huo: tairodi ikilala katika ubapa wa mkono na kuelekea kitovu kilekile, gurudumu halijipindi lenyewe likipanda. Kwenye kishikio cha steringi cha milimita 120, kosa la milimita 1 kwa upande linageuza gurudumu karibu nusu nyuzi, kwa hiyo hatuwezi kuwa wazembe. Lakini kwa mwendo wa milimita 7 kosa linalobaki ni dogo kuliko kunyumbuka kwa tairodi yenyewe chini ya mzigo wa kona. Nimeongeza ugumu wa ganda la kisanduku cha steringi kabla ya kugusa pointi tena.

Viungo vya ndani vya mikono ni vibao vyembamba vinavyonyumbuka, si beringi za mpira. Kwa pembe ndogo tulizo nazo vinatosha, havina mchezo, na vinaruhusu mzizi wa mkono ubaki mwembamba unapokutana na bodi.

Julai. Kimo cha gari na ubao

Ubao ulio chini ya gari una unene wa milimita 10 ukiwa mpya, na usipungue 9 mbio zikiisha. Austin 2023 Lewis Hamilton na Charles Leclerc waliondolewa kwenye matokeo kwa sababu ya ubao uliolika kupita kiasi. Ilikuwa wikendi ya mbio fupi, mazoezi yalikuwa kipindi kimoja tu kabla ya magari kufungwa, na lami ya pale ina matuta. Milimita moja ya ubao ndiyo nafasi yote msanifu aliyonayo ya kukosea kimo.

Tumeupitisha mzigo wa matuta kwenye modeli kamili, pulirodi na washa zikiwemo. Safu ya kwanza ya washa ilikuwa inagonga mwisho wake kwenye kilomita 280 kwa saa, na kuanzia hapo kila tuta lilikwenda moja kwa moja kwenye tairi na kwenye ubao. Tumeongeza washa na kulainisha mwanzo wa safu, ili ukingo wa mwisho usifikiwe kabla ya 310. Pua inakaa juu kwa milimita 2 zaidi kuliko alivyotaka mwenzangu. Amenionyesha mkandamizo anaoupoteza kwa milimita hizo, na si mdogo. Nimemwonyesha mchoro wa mguso wa ubao. Zimebaki milimita 2.

Pointi zote za mbele zimefungwa leo na faili limepewa jina la toleo la kwanza. Kuanzia sasa mabadiliko ya pointi yoyote ya mbele yanahitaji hesabu mbili, ya hewa na ya mzigo, zikiwa zimeambatanishwa. Kazi ya nyuma inaanza na zile milimita 31 za mkia, na gia boksi ndiyo itakayotuambia matawi ya nyuma yanaweza kupanda hadi wapi.